Hesabu Saa Zako Kabla ya Kuhesabu Wasikilizaji

Hotuba kwa watayarishaji wa podikasti wanaojitegemea

Ndugu mwenyekiti, ndugu watayarishaji wenzangu, nanyi mliokuja kwa sababu tu mmeburutwa na rafiki, nawasalimu.

Waandaaji walinipa mada yenye vichwa viwili. Cha kwanza, namna ya kupata kipato kwa podikasti ukiwa huna redio wala kampuni nyuma yako. Cha pili, namna ya kubaki na ari pongezi za mwanzo zikishakwisha. Wakanitengea nusu saa kwa kila kimoja. Nimewarudishia nusu saa moja, kwa sababu machoni pangu hayo ni jambo moja. Mtu huacha podikasti pale anachopata, kiwe fedha au furaha, kinapokuwa kidogo mno kwa saa alizozitoa. Tunahangaika sana na upande wa kupata. Upande wa saa hatuugusi, na ndio pekee ambao tunaweza kuubadilisha leo hii bila kumwomba mtu.

Kwa wasionifahamu: natayarisha podikasti ya mafundi friji na viyoyozi. Ndiyo, ipo, na msicheke sana maana mafundi wenyewe wananisikiliza wakiwa juu ya ngazi. Tunazungumza kuhusu gesi, kompresa, vipimo, na wateja wanaolalamika kwamba friji haigandishi kumbe raba ya mlango imechakaa. Wasikilizaji wangu wanajaza ukumbi kama huu, na wachache wanabaki wamesimama mlangoni. Uwanja wa mpira hawaujazi. Je, naishi kwa kazi hii? Kwa sehemu. Sehemu iliyobaki natengenezea podikasti watu wengine na taasisi, na hilo nitalirudia, kwa sababu wengi wetu tunalifanya na hatulisemi.

Tuanze na kwa nini fedha haiji yenyewe. Podikasti kiufundi ni faili la sauti lililotundikwa kwenye mlisho wa RSS, yaani orodha ya mtandaoni ya vipindi ambayo programu huisoma. Mwishoni mwa mwaka 2000 mtunzi wa programu Dave Winer aliongeza kwenye RSS kipengele kinachouwezesha mlisho kubeba faili, na Juni 2005 Apple ikaziingiza podikasti ndani ya iTunes. Tangu hapo msingi ni uleule. Wewe una faili na anwani ya mlisho, msikilizaji ana programu kwenye simu, na programu hiyo kila baada ya muda inapita kuuliza kama kuna kipya. Hakuna mkubwa wa kumpigia magoti. Lakini mlango usio na bawabu hauna pia mkata tiketi. YouTube inaweza kukugawia asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video zako ndefu kwa sababu video zinakaa kwake, mtazamaji yuko kwake na muuzaji wa matangazo ni yeye. Hata huko unatakiwa kwanza ufikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mlisho wako wa RSS hauna idara ya mauzo. Idara ya mauzo ni wewe, baada ya kurekodi, kuhariri na kuosha vyombo.

Sasa tupige hesabu ambayo watu wengi wanaikwepa. Matangazo ya podikasti huuzwa kwa kila upakuaji 1,000. Tangazo la dakika moja analolisoma mtangazaji mwenyewe mara nyingi huuzwa dola 20 hadi 25 kwa elfu. Tuchukue 20. Kipindi chako kinapakuliwa mara 300. Tangazo moja linakupa dola 6. Kwa vipindi vinne vya mwezi, dola 24. Kila kipindi kinakula saa 12, yaani kutafuta mgeni, kusoma, kurekodi, kuhariri, kuandika maelezo, kutengeneza picha na kupigia debe mitandaoni. Umetoa saa 48 ukapata dola 24. Nusu dola kwa saa, na hapo tumejifanya kwamba wakala wa matangazo amekubali kukuhudumia, wakati mawakala wengi hawageuzi shingo mpaka ufike maelfu.

Ukishapiga hesabu hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni kuwafukuzia wasikilizaji mpaka wawe 30,000. Heri yake atakayeweza. Ya pili ni kushusha saa 12 ziwe tano. Hujaongeza msikilizaji hata mmoja, na saa yako moja imepanda thamani zaidi ya mara mbili. Bado ni fedha kidogo, nakubali, lakini sasa una saa 28 kila mwezi za kufanya mambo yanayolipa kweli. Nami nadhani, ingawa wapo watakaonipinga, kwamba asilimia kubwa ya uchovu tunaouita kukosa ari ni hizo saa saba za ziada kwa kila kipindi.

Zinakwenda wapi? Kwenye kuhariri. Mnaniangalia kama vile nimetaja jina la mtu aliyemo humu.

Hebu tumtazame mtu mmoja akihariri. Ana mahojiano ya dakika 40 na fundi mkongwe. Amefungua programu, amekuza mawimbi ya sauti mpaka yamejaa kioo, na anaondoa kila «aaa», kila «yaani», kila pumzi. Dakika moja ya mazungumzo inamla dakika kumi. Anafika pale fundi anaposimulia siku kompresa ilipopasuka akiwa ameinama juu yake. Kabla ya kusema, mzee yule ananyamaza kidogo, anavuta pumzi, kisha anasema, «Aaa... ile siku.» Mhariri wetu anafuta ukimya, anafuta pumzi, anafuta «aaa». Kilichobaki ni mtu anayesoma taarifa ya habari. Ametumia saa sita kukiharibu kipindi chake.

Mimi naondoa vitu vinne tu: sentensi iliyorudiwa kwa sababu ya kukosea, kipimo kilichotajwa vibaya, kelele iliyofunika neno, na jina la mteja wa mtu. Nasikiliza mara moja, kwa kasi ya moja na nusu, mkono ukiwa kwenye kitufe. Nikifika mwisho nimemaliza. Msikilizaji wangu ana spana mkononi na jasho machoni, na «yaani» tatu hazijawahi kumwangusha kutoka kwenye ngazi.

Lakini huwezi kuhariri haraka kitu ulichokirekodi ovyo. Kwa hiyo dakika kumi kabla ya kurekodi ndizo zenye faida kubwa kuliko zote. Chumba chenye kitanda, mapazia na kabati la nguo lililoachwa wazi kinameza mwangwi vizuri kuliko ofisi yenye vioo, hata kama ofisi inapendeza kwenye picha. Maiki iwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili «p» na «b» zisiipige usoni. Feni izimwe. Na friji izimwe. Nasema haya mimi ambaye maisha yangu yote yamekuwa kuwasha friji za watu. Ule muungurumo wa kompresa huusikii ukiwa jikoni kwako kwa sababu sikio limeuzoea, ila maiki haijauzoea, na ukishachanganyika na sauti ya mgeni kuuondoa ni kazi ya usiku kucha. Mafundi wa sauti wana ujanja wao wa zamani: ukizima friji, weka ufunguo wa gari au wa nyumba ndani yake. Hutaondoka bila ufunguo, kwa hiyo hutaondoka bila kuiwasha. Mimi nimepata wateja waliosahau hatua hiyo.

Mengine yawekwe kwenye kiolezo yasifikiriwe tena. Muziki wa mwanzo, mahali pa tangazo, kiwango cha sauti. Apple inapendekeza hasi 16 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla, programu nyingi za kuhariria zinaweza kukifikia kiwango hicho zenyewe, basi usikae unabishana na masikio yako saa nane za usiku. Kama podikasti yako ni mazungumzo matupu, itoe kwa mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili, kilobiti 64 kwa sekunde. Nusu saa itakuwa na megabaiti 14 hivi, badala ya 29 za kilobiti 128. Maneno ya binadamu hayapungui chochote cha maana, na msikilizaji anayelipia kila megabaiti hatasubiri mpaka apate Wi-Fi ndipo akusikilize.

Tumeokoa saa. Sasa tuingie sokoni nazo.

Nilisema wakala wa matangazo hatakuangalia. Sawa, lakini wakala ananunua vichwa kwa elfu kwa sababu hajui ni vichwa vya nani. Anayekuhitaji wewe ni yule anayeuza kitu ambacho wasikilizaji wako hawana budi kukinunua. Wasikilizaji wangu 300 wangekuwa watu wa kila aina, wangekuwa na thamani ya dola 6. Kwa kuwa ni mafundi friji, basi kwa muuzaji wa pampu za kunyonyea hewa, geji na mitungi ya gesi, hao ni soko lake zima la miezi kadhaa, limekaa kimya linasikiliza. Huyo humtajii bei ya kwa elfu. Unamtajia bei ya mkupuo kwa msimu mzima, vipindi vinane, tangazo moja kila kipindi, hakuna mshindani wake atakayesikika. Akiuza pampu chache tu fedha yake imerudi, na hesabu hiyo anaijua kuliko wewe.

Na mkija kusoma tangazo, lisomeni kama watu. Mdhamini atakuletea karatasi iliyoandikwa «kampuni inayoongoza kwa ubora na kumjali mteja». Hakuna fundi aliyewahi kununua kitu kwa maneno hayo. Mwombe akuazime pampu. Ifunge kwenye mfumo, iwashe, tazama geji. Kisha sema kwenye maiki: «Niliifunga kwenye kiyoyozi cha chumba, nikaitazama mpaka imeshuka chini ya mikroni 500, nikaizima, nikasubiri nione kama geji itapanda. Haikupanda. Ina mlio mkubwa, usiiwashe mteja akiwa na mtoto mchanga.» Hilo la mwisho mdhamini atataka ulitoe. Usilitoe. Ndilo linalofanya yaliyotangulia yaaminike, na mwambie hivyohivyo. Kama pampu ni mbovu, rudisha pampu na rudisha fedha. Sikio la fundi likishakutilia shaka, utakuwa umeuza podikasti nzima kwa bei ya tangazo moja.

Njia ya pili ni wasikilizaji wenyewe. Katika wale 300, tuseme watatu katika kila mia wanakubali kutoa dola 5 kwa mwezi. Ni watu tisa, dola 45, karibu mara mbili ya matangazo ya kwa elfu tuliyoyahesabu. Kabla hujazishika, kuna makato. Patreon, tovuti ya kupokea michango ya wasikilizaji, kwa anayefungua ukurasa sasa inachukua asilimia 10, na gharama za kupitisha malipo ziko juu ya hapo. Apple, ukiuza usajili ndani ya programu yake, inachukua asilimia 30 kwa mwaka wa kwanza wa kila msajiliwa na 15 baada ya hapo, pamoja na ada ya dola 19.99 kwa mwaka. Makato yanauma, lakini kwangu si hoja kubwa. Hoja ni kwamba Apple haikupi barua pepe ya aliyekulipa. Una wanachama usioweza kuwaandikia. Ndiyo maana mimi huwaelekeza watu kwenye njia ya malipo ambayo tayari wanaitumia kwa mambo yao mengine, halafu nawaomba anwani zao waziwazi. Orodha ya barua pepe yenye majina 200 uliyonayo mwenyewe naiheshimu kuliko wafuasi 20,000 walioko mikononi mwa programu ya mtu.

Ila hapa ndipo watu wanapojichimbia kaburi. Wakishafungua uanachama wanaahidi kipindi cha ziada kila wiki, video ya nyuma ya pazia, jarida, na salamu za siku ya kuzaliwa. Watu tisa wamelipa dola 45 kwa mwezi mzima, na wewe umeongeza saa 20 kila wiki. Tumerudi kwenye nusu dola yetu kwa njia ndefu zaidi. Kanuni yangu ni kwamba mwanachama apewe kitu ambacho tayari kipo. Mahojiano kamili kabla ya kukatwa. Kipindi kikitoka siku mbili mapema. Jedwali la vipimo nililoliandaa kwa ajili yangu mwenyewe kabla ya kurekodi. Na mara moja kwa mwezi tunakutana mtandaoni waulize maswali, nami narekodi, na wakiridhia ninachukua nusu ya maswali hayo kuwa kipindi cha wote. Wanachama wamenipunguzia kazi na wamefurahi kusikia sauti zao. Watu wengi wanaochangia hawanunui bonasi hata kidogo, wanataka tu kazi isife. Waulizeni wenu mtaona.

Njia ya tatu ndiyo ile inayonyamaziwa. Watayarishaji wengi wanaojitegemea mnaowaona wamesimama wanalipwa kwa ujuzi wao, na podikasti yao ndiyo sampuli. Chama cha kitaaluma kinataka podikasti ya wanachama wake. Shule inataka mtu wa kuwafundisha walimu kurekodi. Mwandishi anataka kitabu chake kisomwe kwa sauti na kusafishwa. Kampuni inataka mahojiano ya wazee wake kabla hawajastaafu. Wote hao wanatafuta mtu aliyethibitisha kwamba anaweza kuanza jambo na kulimaliza, na mlisho wako wenye vipindi 40 ni ushahidi ambao cheti hakiwezi kuutoa.

Wapo wanaoona kazi hii kuwa ni kushindwa, kwamba msanii kamili anaishi kwa sanaa yake tu. Mimi nawajibu kwamba mkono mtupu haulambwi. Mteja mmoja wa namna hiyo anaweza kulipia muda wako wa kuifanya podikasti yako bila kumnyenyekea mdhamini asiyefaa. Ila wekeni masharti kwa maandishi. Bei iwe kwa kipindi, na urefu wa kipindi utajwe. Marekebisho ni mawili, la tatu lina bei yake. Nusu ya malipo kabla ya kuwasha maiki. Mkataba wa ukurasa mmoja, ankara yenye tarehe ya mwisho ya kulipa, na sehemu ya kila malipo iwekwe kando kwa ajili ya kodi siku hiyohiyo, kabla haijachanganyika na matumizi. Haya ni mambo makavu, najua. Nimeona ari ya watu ikifa kwa ankara isiyolipwa kuliko kwa kukosa wasikilizaji.

Nikitaja wasikilizaji, tuzungumze juu ya ile grafu.

Mnaifungua mara ngapi kwa siku? Msinijibu. Nataka tu mjue mnachokitazama. Kwa mwongozo wa IAB, chama cha biashara ya matangazo ya mtandaoni, ambao huduma nyingi za kuhifadhi podikasti zinaufuata, upakuaji huhesabiwa pale angalau dakika moja ya sauti inapokuwa imeshushwa, na simu ileile ikirudia ndani ya saa 24 haihesabiwi mara ya pili. Kinachohesabiwa hapo ni faili kushuka, na faili linaweza kushuka mwenye simu akiwa amelala. Septemba 2023 iOS 17, mfumo wa simu za iPhone, ilipotoka, Apple ilibadilisha tabia ya upakuaji wa moja kwa moja. Zamani mtu aliyeacha kuisikiliza podikasti kwa muda, akirudi, simu ilimletea viporo vyote. Baada ya mabadiliko hayo, viporo havikuletwa tena. Grafu za podikasti nyingi zikaporomoka. Wapo walioketi wakajiuliza wamekosea wapi, wakabadilisha muziki, wakabadilisha mada, wengine wakafunga, na kumbe hakuna hata msikilizaji mmoja aliyekuwa ameondoka. Simu ndizo zilizoacha kujipakulia.

Na wale wanaoona aibu kwa sababu ya udogo wao, wachukue kipimo hiki. Buzzsprout, mojawapo ya huduma kubwa za kuhifadhi podikasti, hutangaza takwimu zake hadharani, na kwa miaka kadhaa mstari wa katikati umekuwa ukizunguka upakuaji 30 hivi katika siku 7 za kwanza za kipindi. Ukivuka hapo, uko nusu ya juu. Thelathini! Tunajilinganisha na watangazaji mashuhuri wenye timu ya watu 20 kisha tunashangaa tunalala na huzuni. Mimi naifungua grafu siku ya saba baada ya kipindi kutoka, naandika namba moja kwenye daftari, nafunga.

Nafasi ya grafu imechukuliwa na swali. Mwisho wa kila kipindi nauliza swali moja tu, ambalo mtu anaweza kulijibu kwa ujumbe wa sauti akiwa njiani. Siulizi «mmeonaje kipindi?», kwa sababu hakuna anayejua la kujibu zaidi ya «kizuri». Nauliza kitu kama hiki: «Mara ya mwisho ulipokuta friji juu inagandisha lakini chini haipoi, ilikuwa nini?» Wanamiminika. Mmoja anasema feni ya ndani ilikuwa imekufa. Mwingine anasema hita ya kuyeyushia barafu iliungua, barafu ikaziba njia ya hewa. Wa tatu anasema yule wa pili ni muongo, na anaeleza kwa nini. Nikishakuwa na jumbe saba au nane, nina kipindi. Maandalizi yake ni kuzipanga tu. Saa mbili kazi imekwisha, na mafundi walisikika wakibishana wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo wanalipenda kuliko kunisikia mimi. Ari yangu inatoka hapo. Siku nisiyojisikia kuwasha maiki nafungua ujumbe mmoja, namsikia mtu anapumua juu ya ngazi huku akinieleza jambo alilolitatua baada ya kutusikiliza, na nakuta nimeshaanza kumjibu.

Wageni nao wana mambo yao. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini mgeni wa podikasti anaweza pia kumuua mwenyeji. Ameahirisha mara mbili, mara ya tatu amekuja yuko barabarani kwenye upepo. Kuwe na kipindi kimoja kila wakati ambacho hakimhitaji mtu mwingine yeyote, kimeshaandaliwa, kinasubiri. Mgeni akikosekana, toa hicho.

Kuhusu ratiba, sijui nani aliyeamuru kwamba podikasti lazima itoke kila wiki mpaka kiama. Redio ina saa ya kujaza hewani, mlisho hauna. Msikilizaji aliyejisajili ataletewa kipindi kipya kitakapotoka, awe anakikumbuka au amekisahau. Kwa hiyo fanyeni misimu. Mimi nafanya vipindi vinane, vitatu vikiwa vimekamilika kabla cha kwanza hakijatoka, kisha napumzika. Kabla ya kupumzika nataja tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo inafanya kazi mbili: msikilizaji hadhani umekufa, na wewe unaweza kulala bila kuhisi una deni. Mdhamini naye ananunua msimu kwa urahisi kuliko anavyonunua «kila wiki, Mungu akipenda».

Mnaofanya kazi wawili wawili, nina neno fupi na lisilopendeza. Andikeni leo, mkiwa bado mnacheka pamoja, ni nani mwenye mlisho. Akaunti ya huduma ya kuhifadhi imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Mmoja akiondoka, jina linabaki kwa nani, na vipindi vya zamani vinaendelea kumlipa nani? Watu wanaona ni kuombeana mabaya. Si hivyo. Anayeshika nenosiri la mlisho ndiye anayeweza kuhamisha podikasti kwenda huduma nyingine na kuacha anwani ya zamani ikiwaelekeza wasikilizaji kwenye mpya. Programu za kusikilizia zinakufa, Stitcher ilifungwa Agosti 2023 na Google Podcasts ikafuata mwaka 2024, na waliokuwa na milisho yao hawakupoteza kipindi hata kimoja. Wasikilizaji walihamia programu nyingine wakaikuta anwani ileile. Mlisho ukiwa kwa mwenzako na hamsemezani, hiyo njia huna.

Mwisho ni kuhusu kufunga. Kuna watu humu podikasti yao imekwisha na hawajaitangazia. Mada imekauka, au maisha yamebadilika, na kila Jumapili wanajilaumu. Rekodini kipindi cha mwisho cha dakika tano. Semeni imefika mwisho, shukuruni, tajeni mahali mnapopatikana. Kisha acheni mlisho uishi, kwa sababu gharama ya kuuhifadhi ni ndogo na vipindi vyenye ujuzi vinaendelea kutafutwa muda mrefu baada ya mwenyewe kunyamaza, na anayevitafuta huenda ndiye mteja wa ile njia ya tatu. Ila wekeni tangazo lenu wenyewe mahali pa tangazo la mdhamini ambaye mkataba wake umeisha. Wengi wanasahau, na wanamtangaza bure mpaka leo.

Mwenyekiti, nimebakiza dakika kumi. Kuna bwana pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja asilimia 30 za Apple. Mpeni maiki aanze yeye.